Wiki Niliyokaa Darasa la Pili na Binti Yangu

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Msalato.

Upepo haujapumzika tangu alfajiri. Vumbi liko kwenye maji ya kunywa, kwenye shuka, kwenye meno. Nimechoka, lakini leo kichwa kimechoka kuliko mgongo, na hilo kwangu ni jipya. Nimebeba zege miaka tisa na sijawahi kurudi nyumbani nikiwa nimechoka kichwa.

Wiki hii nilikuwa mwanafunzi wa darasa la pili.

Sitanii. Asubuhi zote tano nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minane, magoti yakigusa kifua, pembeni ya binti yangu Editha. Nina miaka thelathini na nane. Shule niliachia darasa la tano, Kasulu, na sikutegemea kurudi tena.

Naandika yote leo kwa sababu nina hasira na sijui nimpelekee nani.

Nianze mwanzo. Mimi ni kibarua. Mke wangu na mtoto wetu mdogo wako Kasulu na shamba. Editha alimaliza la kwanza huko, na Januari nikaja naye huku kwa sababu ya nafasi moja tu. Kuna shule ndogo upande huu ambayo sisi vibarua tuliijenga, na ilipoisha mwenye shule akatoa nafasi mbili kwa watoto wetu. Tuliandika majina kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia kwenye kofia ngumu ya kazi. La kwangu likatoka. Siku ile nilitembea kama mtu aliyepewa kiwanja.

Shule yenyewe inafundisha kwa lugha mbili. Kuanzia asubuhi mpaka uji, Kiswahili. Baada ya uji, Kiingereza. Watoto wengi humo ni wa watumishi wa serikali waliohamia Dodoma, wengine wanaongea Kiingereza mpaka na mbwa wao.

Wiki iliyopita nikaitwa. Mwalimu Rehema, mwalimu wa darasa, akaniambia Editha yuko nyuma sana. Utaratibu wao ni kwamba mtoto akibaki nyuma, mzazi anakuja kukaa naye darasani wiki nzima, halafu Ijumaa wanaamua. Anaendelea, au nafasi anapewa mtoto mwingine.

Mtoto mwingine. Nilirudi na hayo maneno saiti, nikachanganya mchanga na saruji mara mbili pale palipotakiwa mara moja.

Msimamizi wetu, mzee Lameck, aliniruhusu niwe nafika kazini saa saba mchana. Hakuuliza sana. Waliouliza ni wenzangu. Jumatatu nilipotokea, Masanja, ambaye huwa tunashika naye toroli moja, alisimamisha kazi kabisa.

"Mwanafunzi, mbona kaptula umeiacha?"

Mwingine akataka kujua kama nimechapwa. Mwingine akasema aniandikie cheti cha ruhusa ya kwenda kukojoa. Nilicheka nao kwa sababu usipocheka wanaendelea. Wameendelea wiki nzima hata hivyo.

Sasa darasa lenyewe.

Mwalimu Rehema ana aproni nyekundu. Haivai asubuhi. Uji ukiisha, vikombe vikishakusanywa, anaichukua kwenye msumari, anaifunga kiunoni, na kuanzia hapo hasikii Kiswahili. Ukimwambia kwa Kiswahili kwamba nyumba inaungua, anakutazama na kusubiri. Kuta nazo zimegawanywa. Ukuta wa dirishani una kadi za Kiswahili, ukuta wa mlangoni una kadi za Kiingereza. Watoto wanakaa wawiliwawili, mmoja mwenye nguvu upande huu, mwenzake mwenye nguvu upande ule, wasaidiane. Mwenza wa Editha ni mtoto mmoja anaitwa Angel, ana nywele zimesukwa vizuri na chupa ya maji yenye mrija. Ni mtoto mzuri. Siku ya kwanza alinisogezea kifutio chake bila kuombwa.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo limenitesa, ni kwamba hawarudii. Nilidhani somo la asubuhi kwa Kiswahili ndilo hilohilo litakalosomwa tena kwa Kiingereza. Hapana. Kilichoanza kwa Kiswahili kinaendelea kwa Kiingereza kutoka pale kilipoishia. Ukipotea baada ya uji, kesho asubuhi huna pa kushikia.

Jumatatu asubuhi nilijisikia mtu. Walikuwa wanajifunza vipimo. Mwalimu akauliza ukuta wa nyuma una urefu gani kwa kukadiria. Watoto wakasema mita mbili, mita mia. Mimi nikasema kwa sauti ndogo mita sita na nusu. Wakapima kwa kamba, ikatoka hivyo hivyo. Darasa zima likageuka kunitazama na Editha akakaa wima. Sikuwaambia kwamba ule ukuta niliusimamisha mimi na Masanja.

Halafu uji. Halafu aproni.

Sitaki kusema uongo humu. Kuanzia saa nne na nusu mpaka saa sita sikuelewa chochote. Nilisikia sauti, nikaona mikono ya mwalimu, nikaona watoto wanafungua ukurasa na mimi nikafungua. Wakicheka, nacheka. Wakiandika, nashika penseli. Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, na zaidi ya hapo nilisinzia. Nilikuwa nimepanga tofali mpaka jua kuzama. Nilizinduka baada ya kusikia kicheko, mate yamenitoka, na Editha ameinamisha uso mezani. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu hatua kumi.

Jumatano ndiyo iliyonivunja.

Mwalimu, aproni kiunoni, alitoa maelekezo ya kazi fulani ya kukunja karatasi. Alieleza kwa muda mrefu. Mwishoni akawauliza kama wameelewa, na hilo swali nalijua, kwa sababu wanauliza kila siku saiti. Darasa zima likaitika, "Yes, teacher." Binti yangu akachelewa kidogo, halafu peke yake, kwa sauti ya kazi, dole gumba juu, akasema:

"No problem, bosi."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao.

Mimi sikucheka. Nilijua imetoka wapi.

Injinia wetu ni Mtanzania mwenzetu, lakini akishavaa kofia ngumu Kiswahili kinampotea, ni Kiingereza tu. Anakuja, anaonyesha huku na kule, anamaliza kwa kuuliza kama tumeelewa. Na sisi wote, watu wazima wenye ndevu, tunainua dole gumba na kusema hivyo. Halafu tunabaki tumesimama. Kila mtu anashika sepetu yake anasubiri amwone mwenzake anaanzia wapi. Ukimwona mmoja anainama, unainama. Mwaka juzi tuliinama wote upande usiofaa, tukachimba msingi siku nzima mahali pa choo. Kesho yake tuliufukia. Hakuna aliyesema kwamba hakuelewa, wala siku ile wala mpaka leo. Anayesema hajaelewa ndiye anayepunguzwa wa kwanza kazi ikipungua. Hiyo hatuambiwi, tunaijua.

Sasa nikamtazama Editha baada ya kicheko kwisha. Karatasi iko mbele yake, haijakunjwa. Mikono iko juu ya meza. Macho yake yako kwenye mikono ya Angel. Angel akikunja, naye anakunja. Angel akikosea, naye anakosea.

Nilikuwa nikijitazama mimi.

Na ubaya ni kwamba sikumwambukiza kwa bahati mbaya. Nilimfundisha. Januari, siku ya kwanza, nikiwa nimemshika mkono pale getini, nilimwambia: mwalimu akikuuliza umeelewa, sema ndiyo. Usiseme hujaelewa, watakurudisha Kasulu. Nilimfanyisha mazoezi njiani kwa maneno yetu ya saiti, pamoja na kidole. Niliona ni akili.

Alhamisi wakati wa uji mwalimu aliniita pembeni, aproni bado iko msumarini, kwa hiyo tuliongea kama watu. Akasema kwa miezi yote hii Editha hajawahi kuuliza swali hata moja. Kila siku ndiyo, kila siku sawa, na daftari limejaa kazi ya Angel. Akasema ilimchukua muda mrefu kugundua, kwa sababu kwenye fomu iliandikwa mtoto anafuata masomo kwa Kiingereza bila shida.

Nikamuuliza nani aliandika hivyo, kwa ukali kidogo, nadhani.

"Ni wewe, Baba Editha. Sahihi ni yako."

Alinionyesha. Fomu yote Kiingereza, visanduku kumi na mbili, na vyote nimevitia tiki. Nikakumbuka ile siku. Nilitoka saiti mbio, mikono ina saruji, foleni ndefu nyuma yangu. Nilitia tiki kila mahali ili nisionekane sijui kusoma. Kumbe kisanduku kimojawapo kilikuwa cha kumwombea mtoto aanzie darasa la kwanza apate msingi wa Kiingereza, na cha pili yake kilikuwa cha kusema hauhitaji. Nimetia tiki vyote viwili. Wao wakafuata kile cha chini.

Wangeweza kuniuliza. Hilo bado linaniuma. Mtu mwenye tope mpaka kwenye nyusi anakuletea fomu yenye tiki zinazopingana, unashindwa kumuuliza? Nilimwambia mwalimu hivyo. Alinisikiliza, akasema ni kweli, wangeuliza. Halafu akairudisha fomu kwenye faili, na mimi nikajua nusu iliyobaki.

Jioni ile nilirudi mapema kidogo. Editha alikuwa kibarazani kwa jirani yetu, mama Mazengo, ambaye hukaa naye nikiwa kazini. Alikuwa anachambua karanga. Mama Mazengo ni Mgogo wa hapahapa, hana haraka na mtu. Tukaamkiana, nikakaa. Nikaanza kumwambia Editha kwamba kesho, asipoelewa, ainue mkono aseme hajaelewa.

Akasema hataki.

Nikamwambia mimi ndiye niliyekosea, nilimfundisha vibaya.

"Baba, si ulisema watanirudisha?"

Nikasema nilisema, lakini sasa nasema hivi. Aliendelea na karanga zake. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, bila ubaya wowote:

"Mbona na wewe huulizagi? Umekaa siku nne."

Mama Mazengo alikohoa, akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na moto.

  Nilikasirika, nikamwambia mtoto haongei na baba yake hivyo, akaniomba radhi, na ile radhi ndiyo ikanikosesha raha kuliko swali.

Leo, Ijumaa. Siku ya uamuzi.

Asubuhi ilikwenda salama. Uji ulikuwa wa ulezi. Aproni ikafungwa. Mwalimu akagawa kamba, mikasi na karatasi, akaanza kueleza. Nilijitahidi. Naapa nilijitahidi. Nilishika neno la kamba kwa sababu aliinua kamba, neno la meza kwa sababu aliigonga. Mengine yalipita. Akamaliza, akauliza lile swali lake. Yes, teacher. Editha naye akaitika na wenzake, safari hii bila kidole.

Nikainua mkono.

Sijui kama umewahi kuinua mkono ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtoto. Mkono unaonekana mrefu kuliko wewe. Editha alinivuta shati. Mwalimu akanitazama na kusubiri, aproni kiunoni, kwa hiyo Kiswahili hakipo. Kwenye ukuta wa mlangoni kuna kadi ya njano ambayo nimeitazama wiki nzima bila kujua inasema nini, nilijua tu kwamba Angel huigusa anapokwama. Herufi nazijua. Nikaanza kuisoma, neno kwa neno, kama ninavyosoma maandishi ya mfuko wa saruji. I. Do. Not. Under. Hapo nikakwama, mtoto mmoja nyuma akanisaidia, nikamalizia.

Jasho lilinitoka kuliko siku ya kumwaga jamvi, zege la sakafu.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kilipokosekana sikujua niweke wapi mikono. Mwalimu akaeleza tena, polepole, akachukua kamba yangu mwenyewe, akapima meza, akakata, akabandika fupi kwanza halafu ndefu. Nikaelewa. Kumbe ni kitu ninachokifanya kila siku ya maisha yangu, kupima na kupanga, ndicho alichokuwa anakisema muda wote ule.

Halafu mkono mwingine ukainuka nyuma. Mtoto wa afisa fulani wa wizarani, yule anayejulikana kwa Kiingereza. Hakuelewa sehemu ya kubandika. Halafu wawili wengine. Angel naye. Nilihesabu mpaka saba. Saba walikuwa wameitika ndiyo.

Editha hakuinua.

Nilisubiri. Nilianza kupanga kamba zangu na yeye akaanza kutazama, safari hii si mikono ya Angel bali yangu, na nikaiona hasira inanipanda. Nikafunika karatasi yangu kwa kiganja, yote. Mkono wangu ni mkubwa. Akageukia kwa Angel, na Angel, sijui alielewa nini huyu mtoto, naye akafunika ya kwake.

Editha alikaa.  Nilitaka kuondoa kiganja. Nilitaka sana.

Ukainuka mkono wake. Hakusema neno, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, mkono tu, umeinuliwa nusu, kiwiko bado kiko mezani. Mwalimu alikuja, akachuchumaa pembeni yake, na hakuondoka pale mpaka kengele.

Kamba zake alizibandika vibaya. Ndefu ilianza. Lakini zilikuwa vibaya kivyake, hazikufanana na za mtu yeyote darasani.

Baada ya watoto kutoka mwalimu alivua aproni tukaongea. Akasema la pili hawezi kuendelea, ni uongo kumbakiza humo. Nilishika meza. Akasema lakini nafasi hapewi mtoto mwingine. Amekwisha ongea na mwalimu mkuu. Jumatatu aanze la kwanza, na watoto wa miaka sita, kuanzia mwanzo kabisa.

"Mtoto anayeuliza nitamfundisha. Asiyeuliza sijui nianzie wapi."

Akanipa karatasi nitie sahihi. Kiingereza tena. Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili, mstari mmoja mmoja. Alisoma. Mistari minne. Kwa ule wa tatu nilimrudisha mara mbili. Wakati huo Masanja alikuwa amenipigia simu mara tatu, kwamba zege linaanza na mimi siko. Likaanza bila mimi.

Kwa hiyo nimefurahi? Watu watauliza. Hapana. Binti yangu amerudishwa nyuma mwaka mzima kwa sababu baba yake aliona aibu kwa dakika moja kwenye foleni. Atakaa na watoto wanaomfika begani. Amelia njia nzima, na mimi nikambebea begi tu. Nina hasira na ile fomu, nina hasira na walioipokea, na nikimaliza wote hao nabaki mimi.

Alipomaliza kulia akaanza maswali. Huko la kwanza atakaa na nani. Je, Mwalimu Rehema ataruhusiwa kumsalimia. Kwani Angel naye haji. Na kama la kwanza wakimfundisha na bado asielewe, kuna darasa la chini zaidi? Nilijibu niliyoyajua. Mengine nikamwambia sijui, nitauliza Jumatatu. Hajawahi kuniuliza maswali mengi hivyo tangu tushuke kwenye basi Januari.

Kuna moja bado, na ndilo linalonifanya nikae hapa nje na simu badala ya kuingia ndani. Mama yake. Tangu Machi nimekuwa nikimwambia kwenye simu kwamba mtoto anaongea Kiingereza kama mtangazaji. Kasulu nzima inajua. Alinunua kitenge avae siku Editha atakaporudi likizo awasomee watu kanisani.

Nimemtafuta sasa hivi, nikakata kabla haijaita.

Nitampigia kesho asubuhi kabla hajaenda shamba. Nitaanza na neno la kwanza, kwamba amerudishwa darasa la kwanza, nisizunguke. Atauliza imekuwaje. Nitamwambia nilitia tiki kitu nisichokielewa. Na akiniuliza kwa nini sikumwuliza mtu, nitamwachia anyamaze kadiri anavyotaka, mimi nitabaki kwenye laini.